TAHADHARI: springi za kushusha gari za "Ujerumani" zinazouzwa Kariakoo ni springi za kiwandani zilizokatwa

Wakuu, kuna jamaa anauza springi za kushusha gari kupitia Instagram na WhatsApp, wateja anakutana nao Kariakoo, upande wa Gerezani. Jina silitaji kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa. Akaunti anayotumia sasa ina picha ya Toyota 86 nyeupe iliyolala chini vizuri, nyuma yake mabango ya Kijapani. Gari hiyo si yake, na mzigo anaouza si ule anaoutangaza.

Mimi kazi yangu ni chini ya gari: shokapu, springi, bushi, boljointi. Gereji yetu ipo Tabata. Wanakuja vijana wa Altezza, wa Impreza, wa 86, malalamiko yale yale: "Fundi, gari inagonga mbele, na springi ni mpya." Nikizitoa nakuta springi za kiwandani zilizopitishwa grainda, zikapulizwa rangi ya kijani au nyekundu, zikabandikwa stika ya kampuni za springi, Tein ya Japani au Eibach ya Ujerumani. Seti moja, rangi ilipobanduka, chini yake kulikuwa na vidoti vya rangi ambavyo kiwanda huweka kutofautisha springi za modeli moja na nyingine. Zilikuwa za Forester. Zilifungwa kwenye Impreza.

Ukimtumia ujumbe anakuuliza gari gani, basi. Haulizi kodi ya bodi (herufi za toleo la gari, kama GD au GR), haulizi mwaka, haulizi shokapu ulizonazo. Hapo ungeshamjua. Impreza ya GD, iliyoishia 2007, miguu yake ya nyuma haifanani kabisa na ya GR iliyoifuata, na springi ya nyuma ya moja haikai kwenye nyingine hata kwa maombi. Muuzaji anayeijua kazi anataka kodi kabla hajakutajia bei. Huyu anakujibu, "Zinaingia zote bosi wangu."

Bei yake ni kati ya laki na nusu na laki mbili kwa seti ya nne. Seti mpya ya Eibach huko nje kwa kawaida inazidi dola 200, bado meli, bado ushuru. Piga hesabu mwenyewe.

Mnakutana barabarani. Boksi limezungushiwa tepu, na masharti yake ni kwamba ukifungua umenunua. Pesa inaenda kwenye namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya duka, na ukitaja risiti ya EFD anacheka. Sisemi mawinga (madalali) wa Kariakoo ni matapeli, nimenunua kwao miaka mingi na wengi ni waaminifu. Ila winga wa kweli ukimwambia akupeleke duka alilotoa mzigo, anakupeleka.

Kinachowamaliza watu ni ofa ya kufungiwa bure. Anasema ana fundi wake, gari iache asubuhi, jioni uchukue. Maana yake springi huzioni kabisa: unakuta gari imeshashuka, imependeza, unapiga picha unaondoka. Na zile za kwako za kiwandani? "Tunakutunzia hapa, bosi." Ukizifuata wiki ijayo, hazipo. Kwa ninavyoona mimi hapo ndipo anapopata mzigo: zako zinakatwa, zinapulizwa rangi, anauziwa mwenzako wa Kigamboni. Umemlipa, na malighafi umempa wewe.

Najua wapo watakaosema springi ni springi, mbona tangu zamani watu wanakata. Wanakata, ndiyo. Ila mwisho wa springi umetengenezwa ukae kwenye kikombe cha shokapu. Ukiukata, springi inakalia ncha. Gari ikiruka tuta na mguu ukaning'inia, springi inalegea, inajizungusha, ikirudi inakaa popote. Halafu kuna ugumu. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiitoa mmoja, ugumu unapanda kama asilimia 20 tu, wakati nafasi ya shokapu kushuka imepungua sana. Ndiyo maana inagonga. Kiwanda cha springi za kushusha kinasuka upya, na kinaweza kuchagua waya mwingine. Waya ukizidi unene kwa asilimia 10, ugumu unapanda karibu asilimia 46. Mwenye grainda unene wa waya hawezi kuugusa.

Wanaotumia moto wa gesi ni wabaya kuliko wenye grainda. Chuma cha springi kikishakuwa chekundu kwa moto, ukakamavu kilichopewa kiwandani unaondoka, gari inazidi kuzama kidogo kidogo hadi upande mmoja unalala. Au kinakatika. Kuna Impreza ililetwa kwangu kwa bredauni kutoka Barabara ya Mandela, springi ya mbele imevunjika na ncha yake imechana tairi ubavuni. Mwenyewe alikuwa mwendo wa foleni. Angekuwa anaitafuta Chalinze usiku, sijui.

Kwa hiyo boksi lifunguliwe kabla ya pesa, na uangalie ncha kwanza. Ncha ya kiwandani imemalizwa vizuri na rangi imeifunika sawasawa na sehemu nyingine. Iliyokatwa ina uso bapa wenye mikwaruzo ya diski, mara nyingi rangi hapo ni nyembamba au imechuruzika. Kwangua kidogo kwa ukucha au ufunguo: ukikuta rangi nyeusi ya zamani chini ya kijani, ondoka. Tein ni za kijani, lakini rangi ya kopo kila mtu anayo, kwa hiyo tafuta namba iliyochapwa kwenye chuma chenyewe, si stika. Za Kijerumani kama Eibach na H&R mara nyingi zina namba pamoja na herufi VA kwa mbele na HA kwa nyuma. Piga picha namba hiyo, uiangalie kwenye orodha ya kampuni kama ni ya gari yako. Zote nne zikiwa na namba moja, huo ni usanii.

Kama unataka kushusha kweli, kwa barabara zetu milimita 25 hadi 30 zinatosha. Zaidi ya hapo shokapu za kawaida zinaanza kulalamika, na bampa utaliacha kwenye matuta. Hata Japani sheria inataka gari ibaki angalau sentimita 9 kutoka lami, na wao hawana matuta ya Mbagala. Shokapu zikiwa zimechoka badilisha kwanza, ukishafunga nenda alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani. Springi za mtumba halisi zilizotolewa kwenye gari ya Japani sizikatai, mradi namba inasomeka.

Waliokwisha kupigwa: msitupe springi wala boksi, na msifute meseji. Dai springi zako za kiwandani leo, kabla hazijapita kwenye grainda. Namba yake itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, mkafungue jalada polisi mkiwa na muamala mkononi. Bidhaa bandia zinahusu pia Tume ya Ushindani, FCC. Na kama gari ndiyo inalia chini sasa hivi, usisubiri mwisho wa mwezi. Iweke kwenye jeki, shika springi uizungushe kwa mkono. Ikizunguka, usiiendeshe.