Nimemaliza kozi ya kudizaini mifumo (UML na ajaili), naipa 3 na nusu kwa 5

Juzi nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki 10 ya kuchambua na kudizaini mifumo ya taarifa, ile ya kufikiria kwa klasi (aina ya kitu, mfano Msomaji) na objekti (kitu kimoja cha aina hiyo, mfano msomaji fulani), unachora kwa UML (lugha ya michoro ya kuelezea mfumo) halafu mwishoni mnaingia ajaili (kutengeneza programu kwa vipande vidogovidogo huku mnapokea mabadiliko). Jina la wenye kozi naliacha maana malalamiko ninayo.

Wiki mbili za kwanza zinachosha bana. Mwalimu anakuhadithia jinsi wataalamu wa programu Booch, Rumbaugh na Jacobson walivyokuwa kila mtu na njia yake ya kuchora mpaka wakaziunganisha na OMG (jumuiya ya viwango vya kompyuta) wakaipitisha UML mwaka 1997, hiyo sawa, ila akishamaliza anakupitisha kwenye michoro yote 14 ya UML 2.5 mmoja baada ya mwingine kama anaita majina darasani. Kozi nzima tumetumia minne tu: yuzikesi (mtumiaji anafanya nini na mfumo), klasi, sikwensi (nani anamtuma nani, kwa mpangilio) na ule wa hali (kitu kinavyobadilika hali). Iliyobaki nimeshaisahau.

Utamu unaanza wiki ya 4. Mradi ni mfumo wa maktaba (najua, kila kozi ni maktaba). Mi nikachora klasi ya Kitabu, nikaipa jina la kitabu, mwandishi, namba ya rafu na sehemu ya kuandika nani kakiazima, nikatuma kwa mbwembwe zote. Msahihishaji akanirudishia swali moja tu: maktaba ina nakala 5 za kitabu hichohicho, moja imechanika, unafuta nini? Aisee nilikaa na hilo swali jioni nzima. Kumbe Kitabu ni kitu kimoja na Nakala ni kitu kingine, mtu haazimi kitabu anaazima nakala, na ile tarehe ya kurudisha haikai kwenye kitabu wala kwenye nakala, inakaa kwenye Uazimaji, ambao nao ni klasi yake kabisa! Kabla ya hapo nilikuwa nadhani klasi ni kile unachoweza kukishika mkononi.

Nikakosea tena kwenye urithi (klasi ndogo inachukua sifa za klasi iliyo juu yake). Nilitengeneza Mtu, chini yake Msomaji na Mkutubi, naona nimepatia kabisa. Sasa mkutubi akitaka kuazima kitabu akasome nyumbani? Inabidi umuandikishe mara ya pili kama Msomaji, yaani mtu mmoja anakuwa objekti mbili zisizojuana, akibadili namba ya simu unabadilisha huku na huku. Dawa yake ni Mtu abaki mmoja halafu umpe majukumu, leo analo moja kesho mawili. Hili kwenye video hawakuligusa kabisa na mi naona lilistahili wiki nzima, maana ukishajua urithi unauona kila mahali hata pasipo na ndugu.

Kwizi zao sasa. Mshale wa kujumuisha (yuzikesi moja lazima ipitie nyingine) unatoka kwenye yuzikesi kubwa kwenda kwa ile inayojumuishwa, wa kupanua (nyongeza inayokuja ikihitajika tu) unatoka kwenye ile ya ziada kurudi kwa kubwa, ukigeuza wanakukata maksi. Poa, ila kwizi ya wiki ya 5 wao wenyewe ndo walikuwa wameugeuza, nikawaandikia, siku 9 ndo wakarekebisha.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni mpangilio. Mpaka wiki ya 8 unafanya kazi kizamani kabisa, unakusanya mahitaji yote, unachora yote, unafunga, mi niliishia na PDF ya kurasa 46. Wiki ya 9 ndo wanakuambia kuna watu 17 walikutana Snowbird, Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika ilani ya ajaili, wakasema programu inayofanya kazi ina thamani kuliko rundo la nyaraka. Sasa si mngesema mapema jamani?

Na hiyo wiki ya 9 yenyewe ni nzuri mno, ndo inayonikera. Mnawekwa timu ya watu wanne, mnaandika stori za yuza fupifupi, yaani mtumiaji anataka nini na kwa nini (ya kwetu ya kwanza: kama msomaji nataka kujua kitabu kipo au hakipo ili nisiende bure), mnapanga bakilogi (orodha ya kazi), mnakimbiza sprinti (vipindi vifupi vya kazi) mbili za wiki mojamoja mpaka wiki ya 10. Standapu (kikao kifupi cha kila siku) ya dakika 15 sisi ilikuwa inafika 40 kwa ubishi. Katikati ya sprinti ya pili mteja wa kuigiza anakuja na jipya, anataka kuazimisha vitabu vya kielektroniki pia. Nakala ya hivyo haina rafu, haichaniki, na leseni ndo inasema wangapi wasome kwa wakati mmoja. Mwenzetu aliyekuwa ameweka rafu kwenye Nakala aliongeza aina mpya ya nakala akaenda kulala. Mi rafu yangu ilikuwa bado iko kule kwenye Kitabu, si nilihamisha nani kakiazima tu nikaisahau, basi nilifumua mchoro mpaka usiku wa manane. Hapo ndo nikaona kwa nini unachora klasi vizuri hata kama unafanya ajaili, na ndo kitu ambacho hakuna video iliyokisema.

Ukijiunga, video zote ziko wazi toka siku ya kwanza, kwa hiyo angalia za wiki ya 9 kabla hujagusa wiki ya 3. Ya pili unaweza kuiruka, kwizi yake haina maksi.