Uzoefu wangu: kuchagua kamshafti ya Datsun 240Z, baada ya kukosea mara ya kwanza

Gari ninalolizungumzia ni Datsun 240Z la mwaka 1972, lenye injini ya L24: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na kamshafti moja, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua vali, iliyokaa juu ya silinda hedi na kuzungushwa kwa cheni. Nilipolinunua lilikuwa limelala chini ya mkorosho kwa miaka mingi, na nililileta Mtwara likiwa juu ya lori. Wazee wanaokumbuka mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa ni gari la namna gani, kwa kuwa Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews akashinda nalo tena mwaka 1973. Nalipenda gari hili, na ninaandika ili mwenye injini kama hii asipite njia ndefu niliyopita mimi.

Sababu ya kubadilisha kamshafti haikuwa tamaa ya kasi. Fundi wangu, mtu mzima aliyezeekea kwenye gereji za hapa mjini na ambaye huniita mwanangu, alipofungua kifuniko cha vali alinyamaza kwanza, kisha akaniambia nipitishe kidole juu ya nundu ya silinda ya tano. Ilikuwa imelika hadi ncha yake imekuwa bapa. Injini za L24 hupeleka oili kwenye kamshafti kwa bomba jembamba lenye vitundu, lililolazwa juu yake. La kwangu lilikuwa limelegea kwenye kiungio, na vitundu viwili vilikuwa vimezibwa na masizi, kwa hiyo nundu mbili zilikuwa zikisugua roka, vile vipande vinavyopokea msukumo wa nundu na kuufikisha kwenye vali, bila oili ya kutosha. Mtu akifunga kamshafti mpya kabla ya kulishughulikia bomba hilo, atakuwa amenunua chuma cha kuliwa.

Fundi alitaka nitafute kamshafti nyingine ya kiwandani, niifunge, basi. Sikumsikiliza. Muuzaji mmoja wa vipuri alinishawishi nichukue kamshafti ya nyuzi 290, kwa maelezo kwamba ni ya mashindano na kwamba hakuna inayoipita. Haikuja na karatasi ya vipimo, wala vile visahani vidogo vya chuma vinavyokaa kati ya roka na shina la vali, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kuviuliza.

Nyuzi hizo ni za mzunguko wa krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nazo hueleza vali hukaa wazi kwa muda gani. Kamshafti ya kiwandani ya L24 ina nyuzi 248. Vali ya kuingiza hufunguka nyuzi 16 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na hufungwa nyuzi 52 baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda tena. Ya kutolea moshi hufunguka nyuzi 54 kabla pistoni haijafika chini, na hufungwa nyuzi 14 baada ya pistoni kupita kileleni. Jumlisha 16 na 14, unapata nyuzi 30 ambazo vali zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Tulipoipima baadaye ile ya nyuzi 290, tulikuta vali zinakaa wazi pamoja kwa nyuzi 78, na ya kuingiza inafungwa nyuzi 71 baada ya pistoni kuanza kupanda. Injini inapozunguka kwa kasi sana, ucheleweshaji huo ni faida, kwa sababu hewa iliyokwisha kushika mwendo huendelea kujisukuma ndani ya silinda hata pistoni inapoanza kupanda. Inapozunguka polepole, hewa haina msukumo huo, na pistoni huirudisha sehemu yake ilikotoka, hivyo kinachobaki ndani ya silinda kubanwa ni kidogo. Injini yangu ina mgandamizo wa takriban 9 kwa 1, ambao unatosha kwa kamshafti ya kiwandani lakini hauwezi kufidia upotevu wa namna hiyo.

Hayo yote niliyaelewa baada ya kuumia. Kutoka Mtwara hadi Lindi kupitia Mingoyo ni kilomita 100 na ushee, na anayeijua njia hiyo anajua kwamba haina sehemu nyingi za kukimbia: kuna vijiji, kuna vibao vya 50, kuna matuta, na msimu wa korosho kuna malori yaliyoshiba magunia. Kwa gia ya tano, gari langu likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka takriban mara 2,800 kwa dakika. Kwa gia ya nne ni karibu 3,300. Kamshafti ya nyuzi 290 ilikuwa haiamki kabla ya 3,800. Chini ya hapo gari lilivuta kwa mishtuko, nikawa narudi gia ya pili baada ya kila tuta, na nikifika juu ya 4,500 ambako lilichanganya kwa nguvu ya kuogofya, tayari kulikuwa na kijiji kingine mbele. Safari ya kwenda tu ilikunywa lita 14, wakati zamani, hata na kamshafti iliyolika, lita 11 zilitosha.

Jambo lililonikatisha tamaa kabisa ni breki. Buster ya breki za gari hili, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga pedali, hutegemea mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini, na kamshafti yenye vali zinazokaa wazi pamoja kwa muda mrefu huupunguza mvuto huo injini inapokuwa silensa, yaani inapozunguka bila kukanyagiwa mafuta. Asubuhi moja, nikiingia taratibu kwenye mzunguko wa magari mjini, nilikanyaga pedali mara ya pili mfululizo nikaikuta ngumu kuliko nilivyozoea. Gari lilisimama, lakini nilipofika nyumbani nililiegesha na sikuligusa kwa wiki tatu.

Mara ya pili sikuanza na orodha ya bidhaa. Nilianza na daftari. Kwa majuma mawili nilisafiri kwa gari jingine nikiandika mwendo wangu wa kweli katika barabara zangu za kweli, kisha nikapiga hesabu ya mizunguko ambayo 240Z ingekuwa nayo katika kila mwendo. Sehemu kubwa ya maisha ya injini hii, kwa mtu anayekaa Mtwara, ni kati ya 1,800 na 3,500, pamoja na vipande vichache vya kupita malori ambapo inahitaji kufika 5,500 bila kukohoa. Kamshafti inayofaa ni ile inayotoa nguvu yake pale ambapo injini hukaa, na hakuna ukubwa wa namba unaoweza kubadilisha hilo.

Niliiandikia karakana moja ya nje ya nchi inayosaga upya kamshafti za injini za L. Kabla ya kutaja bei waliniuliza maswali ambayo muuzaji wa kwanza hakuniuliza hata moja: mgandamizo ni kiasi gani, kabureta ni za kiwandani au zimebadilishwa, uwiano wa difu ni upi, bomba la moshi ni la aina gani, springi za vali ni za zamani au mpya, na ninaendesha wapi. Nilipojibu, wakanipendekezea ya nyuzi 270, yenye kuinua vali milimita 11.2 badala ya 10.5 za kiwandani, na nyuzi 108 za kamshafti yenyewe kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutolea moshi. Hesabu yake ni rahisi: 270 ukitoa 108 mara mbili, zinabaki nyuzi 54 za vali kukaa wazi pamoja. Vali ya kuingiza hufungwa kwenye nyuzi 63. Ni katikati ya kamshafti zile mbili nilizozijua, lakini iko upande wa busara. Jina la karakana hiyo siliandiki kwa makusudi, kwa sababu wao pia huuza za nyuzi 290 na zaidi, na mtu akifuata jina pekee anaweza kuangukia palepale nilipoangukia.

Nilichagua iliyosagwa upya kutoka kwenye kamshafti nzima ya zamani, kwa kuwa bei yake ilikuwa karibu nusu ya iliyochongwa kutoka chuma kipya. Uamuzi huu una gharama yake. Ili nundu iinue vali zaidi, msagaji hupunguza mgongo wa nundu, na mgongo ukipungua roka hubadilisha mkao na nundu huacha kuigusa mahali pake. Dawa yake ni visahani vinene zaidi, vilivyopimwa kulingana na kamshafti hiyohiyo. Karakana ilinitumia visahani 12 vya unene waliouhesabu pamoja na roka 12 zilizosagwa upya, kwa maana roka za zamani zilizoliwa na nundu moja hazifai kuwekwa chini ya nundu nyingine. Asiyeletewa vitu hivi pamoja na kamshafti yake hajauziwa bidhaa kamili, na nasema hivyo nikiwa nimewahi kuwa mtu huyo.

Kazi ya kufunga ilituchukua siku nne, na ninamshukuru fundi kwa uvumilivu. Kabla ya kutoa gia ya kamshafti, tulishindilia kabari ya mninga kati ya pande mbili za cheni, ili kikaza cheni kisichomoke. Kikichomoka, mtu hulazimika kufungua kifuniko chote cha mbele cha injini. Nguzo tano zinazoshika kamshafti hatukuzilegeza kabisa, kwa sababu zimelinganishwa kiwandani na kuzirudisha katika mstari ule ni kazi ngumu. Baada ya kuingiza kamshafti mpya tulipaka wino wa kalamu nene juu ya uso wa kila roka, tukazungusha injini kwa mkono, kisha tukatazama ule mstari uliofutwa na nundu. Roka kumi zilifutwa katikati. Mbili zilifutwa karibu na ukingo, na hizo tulizibadilishia visahani hadi mstari ukarudi katikati.

Tulipima pia nafasi kati ya vali na pistoni kwa kubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha, tukafungua na kuukata udongo kwa wembe. Kipimo tulichokitaka ni angalau milimita 2 kwa vali ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutolea moshi, na vyote vilipita kwa raha. Springi tulizipima zikiwa zimebanwa hadi mwisho wa safari ya vali, tukahakikisha koili zake bado zimeachana.

Kilichonishangaza ni taimingi, yaani wakati wa vali kufunguka na kufungwa. Tulipoweka sahani yenye alama za nyuzi kwenye krenkshafti na kutafuta kilele cha nundu kwa dayali geji, tulikuta kamshafti imechelewa nyuzi 4. Cheni yangu imerefuka kwa umri. Kwa bahati njema gia ya kamshafti ya L24 ina matundu matatu ya pini, na kuhama kutoka tundu la kwanza kwenda la pili hurekebisha nyuzi 4 za krenkshafti, kwa hiyo tulihama na kipimo kikakaa sawa. Kama tungefunga kwa kufuata alama tu, ningeilaumu kamshafti kwa kosa la cheni.

Uwashaji wa kwanza hauna mzaha. Tulipaka mafuta mazito kwenye kila nundu, tukazungusha injini kwa stata plagi zikiwa zimetolewa, hadi tukaona oili inatiririka kutoka kila kitundu cha bomba, kisha tukawasha na kuishikilia kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke silensa. Oili tuliyotumia ilikuwa yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa roka na nundu za injini hii husuguana moja kwa moja, na oili nyingi za magari mapya ya petroli zimepunguziwa zinki.

Matokeo ni haya. Gari linatulia silensa kwenye 850, likiwa na mtikisiko mdogo ambao abiria hauoni. Pedali ya breki imerudi kuwa ile niliyoijua. Kutoka 2,000 gari linavuta bila kusita, na kupanda Uwanda wa Makonde kwa gia ya tatu, kazi ambayo kamshafti ya nyuzi 290 iliifanya kwa kulalamika, sasa ni furaha yangu ya Jumamosi. Juu ya 4,000 linachanganya vizuri kuliko lilivyofanya na kamshafti ya kiwandani, ingawa halina ule mlipuko wa ile ya mashindano. Safari ya Lindi inakunywa lita 12. Ilitulazimu kuongeza kidogo petroli kwenye kabureta zote mbili na kusogeza mbele moto wa plagi, na bado naona kabureta zinaweza kuboreshwa katikati ya 3,000 na 3,500, ambako kuna ulegevu mdogo.

Naipa kamshafti hii nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile roka mbili, maana visahani vilipaswa kufika vikiwa sahihi vyote. Kwa mwenye 240Z anayeendesha mjini tu, bila nia ya kugusa kabureta, ningemshauri atafute ya kiwandani yenye nyuzi 248 iliyo nzima, kama fundi wangu alivyonishauri tangu mwanzo.

Wiki iliyopita, baada ya kilomita 3,000, tulifungua tena kifuniko cha vali. Tulipima nafasi za vali injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi, tukakaza mbili kwa spana ya 14 na ya 17. Nundu ya silinda ya tano ilikuwa inang'aa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, ikiwa imelowa oili.