Minyororo ya Matairi ya Trekta kwa Kusafisha Theluji: Ipi Ununue Kwanza

Anza na tairi lako. Bei baadaye. Mnyororo unaong'ata vizuri kwenye tairi la bustani lenye kashata fupi unaweza usifae kitu kwenye tairi la shamba lenye meno marefu.

1. Wavu wa almasi, yaani mnyororo wenye matundu ya umbo la almasi. Kwa matairi ya shamba, huu ndio wa kununua. Minyororo yake hukatiza kwa mshazari juu ya meno, kwa hiyo haitumbukii katikati yake. Pia huzuia trekta kuteleza ubavu, jambo ambalo ngazi (mnyororo wenye vipande vinavyokatiza tairi kama vidato vya ngazi) hailiwezi vizuri, na kwenye mteremko hapo ndipo hatari ilipo. Ni mzito, ni ghali, na kuufunga kunataka watu wawili.

2. Ngazi yenye kikatizo, yaani kipande kinachokatiza tairi, kila baada ya pete 2. Inatosha kwa matairi ya bustani na mengi ya viwandani. Vikatizo vimekaribiana, basi karibu kila wakati kimoja kimekanyaga chini.

3. Ngazi ya kila pete 4. Bei ni rahisi kwa sababu chuma ni kidogo. Kati ya vikatizo tairi hukaa kwenye mpira mtupu, hujizungusha, kisha hushtuka kikatizo kinapofika. Kwenye tairi la shamba vikatizo huzama kati ya meno na kazi yote inabaki kwa mpira. Kwa kiwanja tambarare chenye theluji laini, sawa. Kwa barafu, hapana.

4. Minyororo ya mpira. Chagua hii tu ikiwa unalinda sakafu ya mawe au lami mpya. Kwenye barafu ngumu inashindwa na chuma.

Ukiwa na barafu, tafuta pete za mraba au vikatizo vilivyochomelewa vipande vya chuma, maana kingo ndizo zinazong'ata. Kingo hizohizo huchora zege.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi. 11.2-24 maana yake upana wa inchi 11.2 na rimu ya inchi 24. Mtajie muuzaji na aina ya tairi, kwa kuwa namba moja haimaanishi umbo moja. Kisha pima nafasi kati ya tairi na madigadi, na kati ya tairi na mikono ya kunyanyulia zana, ukiishusha na kuipandisha. Chini ya sentimita 5, tafuta kwanza spesa, vipande vya kusogeza magurudumu nje. Mnyororo ukilegea hutanuka na kupiga chochote kilicho karibu.

Jozi moja tu? Weka nyuma, hata kama trekta inavuta kwa magurudumu yote manne. Ukifunga na mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama mnyororo unagusa ekseli au mikono ya ndoo.

Wakati wa kufunga, ncha zilizokunjwa za kulabu zitazame nje, zisitoboe tairi. Unganisha upande wa ndani kwanza. Endesha mita 20 hivi, simama, kaza tena, na urudie baada ya nusu saa. Mpira wa kuvutia, ule unaonaswa kwenye mnyororo ubavuni mwa tairi, haukazi mnyororo uliolegea. Unashika tu kilichokwisha kukazwa.

Vikatizo vingi hukatika gurudumu linapozunguka papo hapo kisha likakuta ghafla zege tupu. Punguza mafuta linapoanza kuteleza, na weka vikatizo viwili vya akiba na pete za kuungia. Kikatizo kilicholika nusu ya unene wake kibadilishe kabla hakijakatika na kuanza kuchapa madigadi.