Chumba na sebule Kondoa kwa 70,000: uzoefu wangu wa miezi mitano

Nilihamishiwa Kondoa kikazi mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea. Dodoma mjini, kule Nkuhungu, nilikuwa nalipa 130,000 kwa mwezi kwa chumba, sebule, jiko dogo na choo ndani. Nikapiga hesabu kwamba Kondoa, kwa vile ni mji mdogo, 50,000 itanitosha. Kwa lami ya kwenda Babati ni kilometa kama 160 tu, kwa hiyo nilipanda basi la asubuhi nikatafute nyumba na kurudi siku hiyohiyo.

Dalali nilielekezwa na bodaboda pale stendi. Kabla hatujapiga hatua alidai 10,000 ya kuzungushwa, nikatoa. Nyumba ya kwanza ilikuwa bati tupu, haina silingi bodi, saa tano asubuhi ndani unatokwa jasho umesimama. Ya pili ndiyo iliyonivutia: vigae, grili madirishani, rangi mpya, 45,000 kwa mwezi. Nikazunguka nyuma kuangalia choo kinamwaga wapi. Hatua nane kutoka ukutani, korongo. Udongo mwekundu ulikuwa umemeguka karibuni, bado una unyevu, na mizizi ya mwarobaini inaning'inia hewani. Dalali akasema, "Hilo halifiki huku, dada."

Anayeifahamu Kondoa hawezi kulichukulia korongo kirahisi hivyo. Mmomonyoko wa huku ndio ulioifanya serikali ianzishe mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili ardhi ipone. Makorongo mengi yalipona, leo yana majani na miti. Hili lilikuwa bado linakula. Jirani kulikuwa na mama anafua, nikamwamkia, nikamuuliza. Akafuta povu mikononi, akanyoosha kidole katikati ya korongo, mahali pasipo na ardhi kabisa. "Mwanangu, choo chetu cha zamani kilikuwa pale."

Nyumba ya tatu sikwenda kuiona. Kwa mji wa ukubwa huu, dalali simpendekezi kwa mtu yeyote. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, na nyumba anazokimbilia kukuonyesha ni zile zilizokaa muda mrefu bila mtu. Nyumba nzuri hapa haimfikii dalali, inachukuliwa kwa maneno ya mdomo kabla mpangaji wa zamani hajafunga mizigo.

Aliyenisaidia ni mwenye duka. Nilirudi wiki iliyofuata, nikanunua maji, nikamweleza shida yangu. Akaniambia yeye huwajua wanaohama mapema kuliko hata wenye nyumba: mtu akija kulipa deni lote la kwenye daftari kabla ya mwisho wa mwezi, huyo anaondoka. Kulikuwa na mwalimu aliyekuwa amelipa juzi yake. Mtoto wa duka akanipeleka bila kudai hata mia.

Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, anaishi nyumba ya mbele. Nilipiga shikamoo, nikakalishwa kwenye mkeka, nikaulizwa kwetu wapi, nafanya kazi gani na naishi na nani. Bei ilikuwa 70,000 na alitaka miezi sita. Nilimwomba miezi mitatu, akakubali, mkataba tukauandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Maji ndiyo niliyoyafuatilia zaidi. Asubuhi bomba lilitoka vizuri. Nikamuaga bibi, jioni nikarudi nikafungua tena: kavu. Bibi hakunificha, akasema yanatoka siku mbili kwa wiki, na mpangaji lazima awe na pipa. Nilinunua la lita 200 na halijawahi kuniishia. Nawashauri mfungue bomba kwa saa tofauti, kwa sababu anayetaka kukupangisha atakuleta saa ambayo maji yapo.

Umeme ndio ulioleta maneno. Tulikuwa kaya tatu kwenye LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, tunachanga sawasawa, na mwenzetu mmoja ana friji. Nilifunga submita yangu, mita ndogo ya kupima umeme wa chumba changu peke yake, 35,000 pamoja na 10,000 za fundi, na sasa kila Jumapili tunasoma namba, kila mtu anachangia alichotumia. Halafu kuna kodi ya jengo inayokatwa humohumo kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Nilimweleza bibi kwa heshima, nikamwonyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu, na tangu hapo anaturudishia kwenye kodi ya pango. Wapangaji wengi wanailipa miaka nenda rudi bila kujua.

Kasoro zipo. Jiko lina dirisha dogo mno, mkaa nauwashia nje. Popo wako darini na harufu yao ikichanganyika na joto ni mbaya, fundi bado tunamsubiri. Hata hivyo, kodi ya miezi mitatu mingine nimeshalipa.

Juzi nilipita kwenye ile nyumba ya vigae. Bado wameandika kwa chaki mlangoni kwamba inapangishwa, bei imeshuka hadi 35,000. Mwarobaini haupo tena, umelala chini ya korongo, majani yamekauka.