Kuvua sulisuli kwa flai Watamu: nilicholipia na nilichopata

Nianze na jibu, maana najua wapo watakaosoma aya moja na kwenda zao. Ndiyo, kukodi boti Watamu kwenda kuvua sulisuli kwa flai, yaani chambo bandia chepesi kinachorushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe, kuna thamani ya pesa yake, mradi mabaharia wa boti hiyo wanajua kumchokoza samaki. Boti nzuri zipo, zenye injini mbili, redio, kivuli na choo cha ndani. Hayo yote ni ziada. Pesa yako hasa inamlipa kijana anayesimama tezi, nyuma ya boti, na kamba ya tiza mkononi, yaani chambo kisicho na ndoana cha kumvutia samaki karibu, na kama hajui kazi yake utarudi na ngozi iliyobabuka na simu iliyojaa picha za mawimbi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia kwenye mshipi wa mkono, chubwi na chambo cha ngisi. Flai nilikuja kuijua milimani, Aberdare, kwa trauti walioletwa na Waingereza enzi za ukoloni. Kule unashika rodi namba 5 na kinyoya ambacho kikianguka majanini hukioni tena. Watamu nilikabidhiwa rodi namba 12 na kitu cha waridi na cheupe chenye urefu wa sentimita 20 hivi, kichwa chake cha povu gumu, ndoana mbili zikifuatana. Mkono unaikumbuka njia, ila uzito na upepo wa bahari ni habari nyingine kabisa.

Kampuni sitaitaja, kwa sababu ninayo ya kuisifu na ya kuilalamikia, na isitoshe mabaharia huhama boti kila msimu. Jina la boti halikuhakikishii nani utamkuta ndani yake.

Kuhusu msimu, nenda kaskazi. Sulisuli husogea karibu na pwani ya Malindi na Watamu kuelekea mwisho wa mwaka, na watu wa pale huisifu zaidi miezi ya Novemba hadi Januari. Mto Sabaki ukimwaga maji yake ya tope kaskazini ya Malindi, baharini hutokea mpaka unaouona kwa macho, huku kahawia, huku buluu. Vidagaa hujikusanya hapo, na sulisuli huja kula. Kusi ikishika kasi, kuanzia Mei hivi, boti nyingi hupandishwa ufukweni kupakwa rangi, na anayekuahidi sulisuli mwezi Juni muulize anamtoa wapi. Jingine zuri la Watamu ni kwamba kina hushuka haraka. Ukishavuka Hifadhi ya Bahari, ambayo imelindwa tangu 1968 na hairuhusiwi kuvua ndani yake, hulazimiki kusafiri nusu siku. Sisi tulianza kuvuta tiza minazi ya ufukweni ikiwa bado inaonekana.

Sasa tiza zenyewe, maana hapa ndipo penye mambo.

Boti inakwenda polepole, noti sita hadi nane (kama kilomita 11 hadi 15 kwa saa), na nyuma yake zinavutwa tiza, yaani ngisi wa plastiki wanaorusha maji, na mojawapo imeshonewa ukanda wa tumbo la sehewa. Hakuna ndoana hata moja. Wewe umekaa kwenye kona yako, rodi iko tayari, mshipi umeukunja ndani ya ndoo ili upepo usiutawanye. Unaweza kukaa hivyo saa nzima. Unaweza kukaa hivyo asubuhi nzima. Halafu nahodha, aliyeko juu, anapiga ukelele, na nyuma ya tiza ya kulia unaona kivuli cha zambarau, kisha mdomo mrefu ukichapa maji.

Kijana wetu wa tiza hakuonyesha haraka. Alimwacha sulisuli aonje lile tumbo, akamnyang'anya. Akamrudishia kidogo, akamnyang'anya tena. Kila akinyang'anywa, samaki alizidi kubadilika rangi, mistari ya buluu ikawaka ubavuni, tanga la mgongoni likasimama nje ya maji. Yule kijana alikuwa akisema naye kwa sauti ya chini, kama mtu anayemvuta mbuzi kwa jani la mwembe: njoo, njoo, usiogope. Mwenzake alikwisha toa tiza nyingine zote majini ili samaki asipate pa kugeukia. Samaki alipofika umbali wa mita kumi na kitu hivi, nahodha akatoa gia, boti ikawa inateleza yenyewe, tiza ikang'olewa majini kwa mkupuo mmoja, na mtu akanipigia kelele, "Rusha, bosi!"

Hapo samaki amekasirika, ameporwa chakula mara kadhaa, na anazunguka akitafuta kimekwenda wapi. Flai ikianguka ubavuni mwake au nyuma kidogo, anageuka kuifuata, na akigeuka ndoana hushika pembeni mwa mdomo. Ukimtupia moja kwa moja mbele ya uso, anakuja akiwa amekutazama, anafunga mdomo, nawe unavuta flai kutoka kwenye mfupa mtupu. Nimeona kwa wenzangu, inatoka kama haijawahi kushika. Kwa hiyo hakuna haja ya kurusha mbali. Mita kumi hadi kumi na tano zinatosha kabisa. Kinachohitajika ni kurusha mara moja, kwa wakati, mahali sahihi, huku moyo unakupiga masikioni.

Ndiyo maana nasema tiza ndiyo yenyewe. Utaratibu huu una umri. Daktari Webster Robinson wa Marekani ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kumtoa sulisuli kwa flai kwa njia hii, Piñas Bay, Panama, mwaka 1962, na mkewe Helen alikuwa naye botini akisaidia kwenye tiza. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mrushaji, kama kawaida.

Jambo dogo ambalo boti isiyozoea flai hulisahau ni upande wa kusimama. Ukitazama nyuma, anayetumia mkono wa kulia anatakiwa asimame kona ya kulia, ili mshipi unaporudi nyuma upite nje ya boti badala ya kukwaruza kivuli, miti ya pembeni na masikio ya nahodha. Boti yetu walilijua hilo bila kuambiwa, nikawapa alama. Mwenzetu anayetumia kushoto walimhamisha na kuhamisha tiza pia.

Akishashika, usiinue rodi. Unavuta mshipi kwa mkono, rodi ikiwa chini imeelekezwa kwa samaki, mara mbili au tatu kwa nguvu. Kisha angalia miguu yako, maana ule mshipi wote uliokunjwa unaondoka kwa mpigo mmoja. Wangu uliruka juu ya swichi na kamba za boti bila kunasa, nikamshukuru Mungu. Zile hadithi za sulisuli kukimbia kilomita 110 kwa saa vipimo vya karibuni haviziungi mkono, lakini ukiwa umeshika rili husemi na vipimo. Akiba ya mshipi ilitoka zaidi ya mita mia na hamsini huku samaki akiwa tayari angani upande tofauti kabisa na ule mshipi ulikoelekea. Kila akiruka, unamsogezea rodi mbele ili mshipi ulegee. Asipolegezewa, kile kipande chembamba cha mwisho, kinachounganisha mshipi na flai, kinakatika.

Jambo ambalo mvuvi wa mshipi wa mkono atalielewa upesi ni kwamba mshipi wa flai ni mnene, na ukivutwa majini ukiwa umepinda, maji yenyewe ni breki. Juu ya hayo, kadiri akiba inavyopungua kwenye rili, ndivyo breki ile ile inavyozidi kukaza. Kwa hiyo akikimbia mbali unalegeza breki, hukazi, na nahodha anamfuata ili akiba irudi. Nahodha wetu alirudisha boti nyuma taratibu, bila kunimwagia bahari nzima mgongoni. Sulisuli yule alikuwa wa kilo 25 hivi kwa makadirio yao, na ilichukua kama nusu saa. Mkono wa kushoto uligoma kushika kikombe cha chai.

Sasa malalamiko. Vifaa vya kukodi vya kampuni hiyo vilikuwa nusu nusu. Rodi na rili hazikuwa na neno, breki laini, akiba mpya. Lakini mshipi wa flai uliofungwa ulikuwa wa maji baridi. Mishipi ya aina hiyo ikikaa kwenye jua letu hulainika na kunata, inajikunjakunja ndani ya ndoo, na haipiti vizuri kwenye pete za rodi. Kwa mtu aliyelipia siku nzima kusubiri sekunde tano, hilo si jambo dogo. Nilipouliza, nikaambiwa wageni hawajawahi kulalamika. Inawezekana. Mishipi ya maji ya joto ina gamba gumu zaidi, na ile ya sulisuli uzito wake wote umesogezwa mbele ili urushe flai nzito bila kuzungusha mara nyingi. Ukiweza, nunua wako, ubebe. Angalia pia ncha za ndoana kwa ukucha. Mbili kwenye kisanduku chao zilikuwa zimeshika kutu.

Kama unawaza rekodi, kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi, zinataka boti iwe imetoa gia unaporusha, kipande chembamba kisizidi daraja la kilo 10 (nguvu inayokikata) na kiwe na urefu usiopungua sentimita 38, na kile kinene cha kuzuia msuguano wa mdomo kisizidi sentimita 30 na nusu hivi, mafundo yakiwemo. Mimi sikuwa na shida na rekodi, niliomba kipande kinene kirefu zaidi, wakanifungia bila maneno. Mafundo yao ni mazuri kuliko yangu.

Samaki anaachiwa. Hilo ulijue kabla, kama unatoka kwenye nyumba ambayo samaki akipatikana sufuria inawekwa motoni. Baharia alivaa glavu, akamshika mdomo ubavuni mwa boti bila kumtoa majini, wakamtia kitambulisho cha African Billfish Foundation, taasisi iliyopo hapo hapo Watamu, wakajaza kadi, kisha boti ikasogea polepole maji yapite kwenye mashavu hadi akajivuta mwenyewe. Walikataa kumpandisha juu kwa picha, na nilipenda walivyokataa, kwa adabu na bila kubabaika mbele ya mteja. Mjomba wangu wa Kilifi nilipomhadithia alinyamaza muda, kisha akauliza, "Mmemlipia boti samaki akaoge?" Nilimpelekea fulusi mmoja tuliyempata kwa mshipi wa kawaida wakati wa kurudi, mazungumzo yakaendelea.

Wapo watakaouliza kuhusu Shelisheli. Kule kwenye visiwa vyao vya Cosmoledo na Alphonse mchezo ni mwingine. Unatembea kwenye maji ya magotini ukimsaka kolekole mkubwa, unamwona, unamrushia, na karibu kila kitu kinategemea macho na mkono wako na wa mwongozaji. Nakubali kwamba kwa mrushaji hodari kule kuna raha zaidi. Lakini gharama ya wiki ya kule ni ya watu wengine. Na Watamu nafika kwa matatu.

Bei yenyewe si ya mzaha. Boti kwa siku nzima ilipita shilingi laki moja, tukagawana watatu, na vifaa vya flai vikawa juu yake. Uliza kama leseni ya uvuvi wa burudani imo ndani ya bei, kwa sababu kwetu ilikuja kama nyongeza asubuhi ya safari. Watatu ndio mwisho; anayerusha ni mmoja kwa zamu, na samaki hawaji kwa foleni. Kama hujawahi kurusha flai, usianzie hapa. Kaa ufukweni Nyali au uwanja wowote wenye upepo, kata ndoana, rusha ile flai kubwa mpaka iwe inafika mita kumi na mbili kwa mizunguko miwili tu. Kama huna muda huo, kodi boti ile ile uvue kwa rodi ya kawaida na chambo, utawapata wengi zaidi na utafurahi.

Kwa simu, kabla ya kutuma hela, mimi sasa nauliza maswali mawili: nani atashika tiza, na mara ya mwisho kumchokozea samaki mrushaji wa flai ilikuwa lini. Ofisi ikianza kunielezea ukubwa wa injini, nakata. Hawa wa safari hii walimpa simu kijana mwenyewe, akaniambia nije na kofia yenye kamba na nisije na rafiki mwenye mdomo. Nimeshaweka nafasi nyingine kwao, kwa makubaliano kwamba yeye awepo tezi na mshipi nitakuja nao mimi.