Amplifaya ya Wati 3,000 na Kinobu Kinachounguza Sabufa: Tuipime Hapa Hapa

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, na nyie wa Mbeya mjini mpo, nawaona kwenye maoni. Leo mezani kuna hii amplifaya, monobloku, yaani ya chaneli moja kwa ajili ya sabufa, imeandikwa wati 3,000 kwa maandishi makubwa kuliko jina lake. Jina nimelifunika kwa tepu, msihangaike kukuza picha. Bodi ya aina hii inauzwa kwa majina mengi, na ninachotaka kukionyesha kipo karibu kwenye zote. Mambo ya taa ya bluu na matundu ya RCA mnayajua, tuyaruke. Twende kwenye kinachoniudhi.

Hiki hapa. Kinobu cha waya, cha kubandika kwenye dashibodi, cha kuongezea besi. Wengine wananunua amplifaya nzima kwa ajili ya hiki kidude. Shikilieni hapo, nakirudia sasa hivi, ila kwanza tumalize uongo wa wati.

Usisome maandishi ya juu, geuza ubavuni usome fyuzi. Mnaona? Fyuzi mbili za ampea 30, jumla 60. Gari likiwa linawaka, oltaneta inatoa volti kama 14.4. Zidisha: wati 864 zinazoingia. Hii ni daraja D, tuseme asilimia 80 ndiyo inafika kwenye spika na inayobaki inakuwa joto. Unabaki na wati kama 690. Sasa 3,000 zimetoka wapi? Zimetoka kiwanda cha maboksi. Si amplifaya mbaya, 690 ni nyingi, lakini ujue ulichonunua.

Na sabufa ni hivyo hivyo, angalia RMS, yaani wati inazoweza kuzibeba mfululizo, si za kilele. Chukua Pioneer TS-A300D4, ile ya inchi 12: boksi lake linasema wati 1,500 kwa kilele, na pembeni wamekuandikia 500 za kawaida. Hiyo 500 ndiyo namba ya kufanyia kazi. Sabufa isiyoandika RMS popote, wewe ihesabie robo ya ilichoandika, na hata hapo nenda kwa tahadhari.

Haya, kinobu. Hii sabufa hapa ni ya inchi 12, RMS 300, ina koili mbili za omu 4, zile nyaya zilizozungushwa zinazoisukuma koni. Nimeziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, kwa hiyo amplifaya inaona omu 2. Tunataka amplifaya itoe wati 300 basi. Hesabu: 300 mara 2 ni 600, kipeuo chake cha pili ni 24.5. Hizo ni volti tunazozitafuta.

Fuateni mikono yangu. Nachomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, sitaki spika ilie wakati napima. Kwenye redio besi iko sifuri, trebo sifuri, laudi imezimwa. Kichujio cha amplifaya, kile kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, nakipandisha mpaka mwisho kwa sasa ili kisinilie toni. Geini iko chini kabisa. Napiga toni ya hezi 50 kutoka kwenye flashi, iliyorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0. Redio hii inaishia 40, naipandisha mpaka 30, robo tatu. Mita iko kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika. Sasa bisibisi, taratibu... 12... 18... 23... 24.5. Simama hapo. Tazameni geini ilipoishia, haijafika hata nusu. Hiyo ndiyo kazi ya geini, kulinganisha redio yako na amplifaya. Wanaoifungua mpaka mwisho kwa sababu "nataka isikike" wanaifanya kitufe cha sauti, na sicho.

Sasa sijagusa kitu kingine, nazungusha kinobu tu. 28. 33. 36. Hapa 37 imeanza kusuasua, naongeza lakini mita haitaki kupanda. Unajua imegoma kwa nini? Volti zimefika dari. Kuanzia hapa wimbi linakatwa kichwa, linakuwa bapa juu na bapa chini. Na bado kinobu hakijafika mwisho! Kitabu chake kinasema kinaongeza desibeli 12 kwenye hezi 45. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo 12 ni mara 16. Yaani kwenye wati zetu 300 unaiomba wati 4,800. Kwenye fyuzi za ampea 60! Haina pa kuzitoa.

Na hata hizo volti 37 zenyewe, 37 mara 37 gawa kwa 2, ni wati 684 kwenye sabufa ya 300.

Hapo ndipo koili inapofia. Wimbi lililokatwa kichwa linaweza kubeba karibu mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo kile kile. Ndiyo maana hata amplifaya ya wati 200 ikilazimishwa sana inaweza kukaribia 400, na sabufa ya 250 ikaungua huku mwenye gari anaapa kwamba amplifaya yake ni ndogo. Udogo hauui. Kinachoua ni joto lililozidi kwenye koili, limetoka amplifaya kubwa au ndogo. Vanishi inaungua, gundi inalainika, nyuzi zinaachia na kuanza kukwaruza kwenye sumaku.

Na kuna mtego mbaya zaidi. Shaba ikipanda nyuzi 100 za joto, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 39. Besi inapungua yenyewe. Dereva anasikia mdundo umelegea, anafanya nini? Anaongeza. Ukipiga singeli bado mapigo ni mafupi, koili inapata pa kupumulia. Amapiano ile besi inavutwa, inakaa. Kwa hiyo besi ikilegea baada ya nusu saa ya muziki mnene, punguza, ukisikia harufu zima kabisa.

Ushauri wangu kwa hiki kidude: kisifungwe. Hasa Hiace na Coaster, maana leo unaendesha wewe, kesho deiwaka. Ukikitaka lazima, basi kizungushe mpaka mwisho KWANZA, halafu upime geini upya kwa toni ya hezi 45, uishie 24.5 ile ile. Hapo hata akikimaliza haiungui kirahisi. Ila kuna amplifaya ambazo kinobu chake kinapunguza tu, hakiongezi kitu. Hizo nazipenda, na video ya kuzilinganisha inakuja, kwa hiyo bonyeza kengele, usije ukasema hukuambiwa.

Nimeingia kwenye kengele nikasahau kichujio. Ukimaliza kupima, kirudishe hezi 80. Na kama boksi lako lina tundu, washa kichujio cha chini, kile cha kuzuia besi za chini mno. Boksi limepigwa hesabu ya hezi 35? Kiweke 28 mpaka 30. Chini ya hapo hewa ya ndani haiishiki koni tena, inaruka hovyo, spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoishikilia koili katikati, inachanika au koili inagonga nyuma. Boksi lililozibwa halina sana shida hiyo, na kwa inchi 12 nyingi lita 28 mpaka 35 zinatosha. Uache pia nafasi nyuma ya sumaku, sentimita 4 hivi, pale kwenye kitundu cha kupumulia. Halafu jamani, Noah zinazobeba viazi kutoka Njombe: wekeni wavu mbele ya koni. Gunia likiiegemea, koni haitembei, na koili isiyotembea haipoi.

Umeme. Pale stendi ya Kabwe gari limezimwa, abiria wanasubiriwa, muziki unaendelea. Betri imeshuka volti 11.5. Kwa amplifaya nyingi dari nalo limeshuka, zaidi ya theluthi moja ya nguvu imeondoka, lakini geini iko pale pale. Wimbi linakatwa kichwa hata kwenye sauti ambayo jana ilikuwa salama. Washa injini au punguza, hakuna ujanja wa tatu.

Na waya zinazokuja bure na hizi amplifaya, kwangueni kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, itakunyima volti. Kwa hii tafuta geji 4 ya shaba tupu, kama milimita za mraba 21, fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hasi ifupishe isizidi nusu mita, na pale inapofungwa kwenye bodi ya gari pakwanguliwe rangi mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga nati.

Bei? Hapa Mwanjelwa ongea vizuri, utapunguziwa. Ipo pia sabufa ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani. Besi yake ni ya adabu, haitikisi vioo, lakini vilivyomo vimelinganishwa tangu kiwandani, ndiyo maana inadumu. Mwenye IST anayetaka amani achukue hiyo. Hii ya wati "3,000" naipa alama nzuri ikifungwa bila kinobu na ikipimwa. Mita ya kawaida ni bei ya chakula cha siku mbili tatu, na sabufa mpya haikaribii hapo.

Nimalizie na swali lililoulizwa sana: nitajuaje imekufa koili au waya tu? Chomoa waya, pima omu. Koili ya omu 4 nzima inasoma 3.2 mpaka 3.8. Mita isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma chini ya 1, imegusana, na usiiwashe, itaondoka na amplifaya. Kisha bonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, usawa pande zote, ikikwaruza imeshapinda. Na kaka wa Tunduma mwenye sabufa mbili kama hii, ukiziunga zote sambamba unapata omu 1. Hii amplifaya imeandikwa mwisho omu 2, isishushwe chini ya hapo. Unga koili za kila sabufa kwa mfululizo zifike 8, halafu sabufa mbili sambamba, utapata 4. Volti za kutafuta hapo, wati 600 mara 4, kipeuo chake ni 49, na hii dari lake ni 37. Kwa hiyo ipime kwa 33, itatoa kama wati 270 za jumla, zikiwa safi.