Pampu ya kukamulia maziwa: duka la dawa jirani na Soko la Majengo, Dodoma

Baba watoto ni mwanajeshi. Bima ililipia kujifungua, pampu wakaikataa: "Hii si dawa, dada." Wenzetu wa Marekani, bima ya jeshi lao, TRICARE, inawalipia pampu na vifaa vyake tangu Desemba 2014, na ushauri wa kunyonyesha juu!

Nikatoa 35,000 yangu, ile ya mkono. Inavuta vizuri, haina kelele. Tatizo ni kale kampira ka ndani: ukikachemsha kanajikunja, hewa inavuja, unaminya weee hakitoki kitu. Dai ka akiba kabla hujalipa.

Muuzaji, mama mtu mzima, hana haraka. Alinijaribishia koni, ile inayokaa kwenye titi, mpaka ikanikaa sawa. Maziwa nje ya friji mwisho masaa manne, alisema, ila kwa joto hili la Novemba mimi sisubiri hata mawili.